Babu alichonga milango, makala yake ikafutwa: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Lamu, mtaa wa Langoni. Babu yangu alikuwa mchongaji wa milango, akafariki mwaka 2009. Shangazi yangu ni mchoraji hina, maharusi wa hapa Amu, wa Shela na hata wa Faza humfuata yeye. Mwezi uliopita nilimwandikia babu makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ikafutwa baada ya siku mbili. Sasa kuna mtu anasema nikimlipa shilingi 25,000 atanitengenezea ukurasa usiofutika. Sisi ni vijana wanane, wengi wetu wasichana, na tunataka wasanii wetu waonekane mtandaoni, hasa kina mama. Tumlipe? Na tusipomlipa, tufanyeje? Je, makala iliyofutwa inaweza kurudi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hela, maana hilo halingoji. Msimlipe. Hakuna mtu mwenye uwezo wa kuuza ukurasa usiofutika wa Wikipedia, kwa sababu hakuna mtu anayemiliki ukurasa. Kila makala iko wazi kwa mhariri yeyote, na wenye madaraka ya kufuta ni wakabidhi, watu wa kujitolea waliochaguliwa na wahariri wenzao. Masharti ya Wikipedia yanamtaka kila anayelipwa kuandika amtaje hadharani anayemlipa. Anayekwepa sharti hilo akijulikana hufungiwa, na kazi zake hupekuliwa moja baada ya nyingine. Nimewahi kuona jina la mzee mmoja mwenye heshima zake likijadiliwa kwenye ukurasa wa ufutaji kana kwamba yeye ndiye mdanganyifu, kumbe mwenyewe hata kompyuta hajapata kuishika, na fedha zimeliwa na mtu mwingine. Babu yako hastahili kufanyiwa hivyo.

Sasa makala yenyewe. Ulinitumia nakala, nimeisoma mara mbili. Ina aya tatu, na sentensi ya kwanza inasema: "Alikuwa fundi bora kuliko mafundi wote wa pwani, na hakuna asiyeijua kazi ya mkono wake." Chanzo ulichotaja ni kimoja tu, mama yako mzazi. Mimi nakuamini. Nimetembea vichochoro vya Langoni na Mkomani, nimesimama mbele ya milango ile mpaka wenye nyumba wakanikaribisha ndani kwa kudhani nimepotea. Lakini mkabidhi aliyeifungua makala yako akiwa Dodoma au Arusha hakuwa na mlango mbele yake. Alikuwa na maneno ya mjukuu akimsifu babu yake, na hakuna mtu wa pembeni aliyeyashuhudia. Alifanya alichotakiwa kufanya.

Hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu wengi hukata tamaa papa hapa. Kufutwa kwa makala si hukumu juu ya babu. Wikipedia haipimi nani fundi na nani si fundi. Ni kamusi elezo, na kamusi elezo hukusanya yale ambayo wengine wameshayaandika mahali pengine. Makala ya mtu husimama juu ya maandishi yaliyochapishwa na watu wasio jamaa zake wala wafanyabiashara wenzake: gazeti lenye mhariri, kitabu, tasnifu ya chuo, jarida la utafiti, katalogi ya maonyesho. Ukurasa wa Facebook hauhesabiki. Tovuti ya hoteli iliyonunua viti vyake haihesabiki. Mahojiano aliyofanya mwenyewe yanafaa kwa mambo madogo, kama mwaka aliozaliwa au fundi aliyemfunza kazi, lakini hayawezi kubeba makala nzima.

Uchungu wa jambo hili uko hapo, na sitaki kuupunguza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sanaa ya Lamu ni mali iliyokaa karne kwa karne mikononi na midomoni mwa watu, na kamusi elezo inauliza daftari. Mtazame Muhamadi Kijuma. Alizaliwa Lamu katikati ya karne ya 19, akafa mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mwandishi wa khati, mwanamuziki na mchongaji. Leo mtu akitaka kumwandikia makala ana vyanzo vya kumtosha na kubaki. Hakuvipata kwa uchongaji wake. Alikuwa akinakili tenzi kwa mkono wake na kuwapelekea Wazungu waliokuwa wakiusoma ushairi wa Kiswahili, kina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, nao wakahifadhi miswada na barua zake. Sehemu ya miswada hiyo iko London mpaka leo, kwenye maktaba ya chuo cha SOAS, na mwaka 1983 chuo hicho hicho kilipokea tasnifu nzima ya udaktari juu ya maisha na kazi zake. Hakika zama zake kulikuwa na wachongaji wengine mjini. Milango yao tunaipita kila siku, na majina hatuna.

Kwa wanawake ni vigumu zaidi. Mwana Kupona tunaye kwa sababu alimtungia bintiye utenzi, mwaka 1858, na utenzi ukanakiliwa mkono kwa mkono mpaka ukafika kwenye chapa. Mwanamke aliyewachora hina maharusi wa mwaka ule ule, kazi yake ilififia kabla ya mwezi kuandama tena. Ndiyo maana swali lako kuhusu kina mama limenigusa kuliko la babu.

Na hamko peke yenu. Uchunguzi wa Wikimedia Foundation wa mwaka 2011 ulikuta wanawake hawafiki asilimia 10 ya wahariri. Mwaka 2014 watu wachache wa New York walianzisha Art+Feminism, mpango wa kuwakutanisha watu chumba kimoja, kwa kawaida mwezi Machi, wapate kuhariri makala za wanawake wasanii pamoja. Mpango huo umefika nchi nyingi, zetu zikiwemo. Mwaka uliofuata likazaliwa kundi la Women in Red. Jina hilo limetokana na rangi. Kwenye Wikipedia, jina lenye kiungo ambalo bado halina makala huonekana jekundu, na makala ikishaandikwa hugeuka buluu. Kundi hilo hukusanya majina mekundu ya wanawake na kuyageuza. Lilipoanza, makala za wasifu wa wanawake kwenye Wikipedia ya Kiingereza zilikuwa asilimia 15 hivi ya wasifu wote, sasa ni 20 hivi. Ni miaka kumi ya kazi ya maelfu ya watu kwa pointi tano hizo. Nakutajia ili mjue mapema kwamba kazi hii ni ya pole pole.

Haya, mfanyeje? Ushauri wangu mkubwa, na kama utasahau mengine yote usisahau huu: msianze na jina la mtu, anzeni na sanaa yake.

Fungueni makala ya Kiswahili ya Lamu, ya uchongaji, ya hina, ya mkeka, ya siwa, ile baragumu kubwa ya sherehe. Zisomeni pamoja kwa sauti, kisha mjiulize mtu wa Bukoba au Lubumbashi akiisoma hii ataelewa nini juu ya mambo yetu. Mtakuta mahali pengi penye mistari miwili mitatu tu, au hapana kitu. Hapo ndipo penu. Makala juu ya mlango wa kuchongwa haitafutwa kwa kukosa vyanzo, kwa kuwa vyanzo vipo: Usam Ghaidan alichapisha utafiti wake juu ya mji wa Lamu mwaka 1975, Judith Aldrick aliandika makala nzima juu ya milango ya pwani ya karne ya 19 katika jarida la Azania mwaka 1990, na tangu UNESCO ilipouingiza Mji wa Kale kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001 kuna nyaraka nyingi zilizo wazi kwa kila mtu. Waulizeni pia watu wa Makumbusho ya Lamu wana vitabu gani. Nendeni wawili wawili mkiwa na daftari, msiende wanane kwa mpigo.

Na hapo ujuzi wenu wa nyumbani una kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Mtu wa mbali akikisoma kitabu cha Kiingereza hataujua mfaa. Ataandika "nguzo ya katikati" na kupita. Wewe unajua kwamba mlango una mabawa mawili yanayofunguka kwa ndani, na mfaa ni ule ubao mwembamba wenye nakshi uliopigiliwa kwenye bawa moja ili uzibe ufa yakifungwa. Unajua mbao za mbambakofi zinavyomchosha fundi na kwa nini haziozi haraka. Chanzo kinathibitisha jambo, nanyi mnaleta jina lake. Kiswahili kina makala zaidi ya 80,000 kwenye Wikipedia, na nyingi zimeandikwa na watu waliotafsiri kutoka Kiingereza bila kukijua kitu chenyewe kwa macho. Wakabidhi wamefuta tafsiri za mashine mpaka wamechoka. Nanyi msizilete. Makala moja juu ya hina iliyoandikwa na binti aliyekua akikoroga hina ya shangazi yake ina thamani kuliko makala hamsini za namna hiyo.

Makala ya sanaa ikishasimama, jina la babu lina mahali pa kukaa. Kumtaja mtu ndani ya makala nyingine kunataka chanzo kimoja kizuri, wakati makala yake peke yake inataka kadhaa vyenye kumzungumzia kwa marefu. Ulisema kwenye barua kwamba gazeti moja liliwahi kuandika juu ya karakana yake miaka ya tisini, na mjomba wako anakumbuka picha. Litafuteni gazeti hilo. Mkilipata, sentensi ya kwanza ya babu kwenye kamusi elezo itakuwa namna hii: "Miongoni mwa wachongaji waliofanya kazi Langoni mwishoni mwa karne ya 20 alikuwa fulani, aliyefariki mwaka 2009." Mwisho wa sentensi, tanbihi yenye jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Ukiilinganisha na ile ya kwanza utaiona kavu, na najua itakuuma kuliacha neno "bora". Liache. Kama gazeti lilimnukuu mtu wa makumbusho akimsifu, mwandike mtu huyo na sifa zake, iwe ni sifa yenye mwenyewe.

Jambo jingine, wewe usiwe mwandishi wa makala ya babu yako. Wahariri huliita hilo mgongano wa maslahi, na wana haki. Mwenzako asiye wa ukoo aandike, akivisoma vyanzo kwa macho yake, na wewe ujitaje kwenye ukurasa wa majadiliano: mimi ni mjukuu wake, nina picha hizi, naomba mwaka huu usahihishwe. Ukisema wazi hivyo, wahariri wengi watakusaidia. Ukijificha, siku ikijulikana kila ulichokigusa kitatiliwa shaka, hata kile cha kweli.

Utaniuliza, na asiye na gazeti wala kitabu? Shangazi yako, kwa mfano. Hapo kazi yenu inaanza kabla ya Wikipedia. Chanzo hakipo, basi kisaidieni kizaliwe kwa njia ya halali. Kila mwaka tamasha la utamaduni huwaleta waandishi wa habari Lamu, nao hupiga picha mashindano ya punda na ya mashua wakaondoka, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha kingine. Wapelekeni kwa shangazi. Msiwalipe, wala msiwaandikie habari. Wapeni chai, wapeni historia, muwaache waulize watakavyo. Mwandikieni mhariri wa Taifa Leo kumweleza kwamba kuna ufundi ambao haujaandikwa. Mwanafunzi wa chuo akija kutafuta mada ya tasnifu, msimwache aende tena kwenye milango peke yake. Makumbusho yakiandaa maonyesho, ombeni majina ya waliotengeneza yaandikwe kwenye vibao na kwenye katalogi. "Kofia ya mkono, Siyu" haitoshi, kofia ile ina mtu aliyeishona. Mambo haya yanachukua mwaka, pengine miwili. Lakini makala itakayojengwa juu yake itadumu.

Na wakati mnangoja, rekodini. Wikimedia Commons, ghala la picha na sauti la Wikipedia, inapokea sauti pia. Mwaka 2011 Achal Prabhala na wenzake walijaribu India na Afrika Kusini kurekodi maneno ya watu na kuyatumia kama vyanzo vya makala. Wahariri wengi hawakukubali, na mpaka leo kwa kawaida rekodi ya namna hiyo haikubaliwi kuwa chanzo cha kutosha. Mimi binafsi naona kanuni hiyo inatuonea sisi watu wa maneno ya mdomo, na nimelisema hilo kwenye kurasa za majadiliano mara nyingi. Hata hivyo sauti ya shangazi akieleza tofauti ya hina na piko, ile rangi nyeusi, yaliyomo na muda wa kukaa, itamfaa mtafiti atakayekuja kesho akaandika kitabu, na kitabu hicho ndicho kitakuwa chanzo.

Nije kwenye picha, kwa sababu hapo nimeona vijana wazuri wakiwakosea wazee wao bila kukusudia.

Miaka kadhaa nyuma tulifanya warsha Malindi, tukamwendea mama mmoja msuka mikeka. Alikuwa amekaa barazani, ukili, ule utepe mrefu uliosukwa ambao haujashonwa kuwa mkeka, umemzunguka miguuni, mikono haisimami. Kijana wetu akaomba kumpiga picha "ya Wikipedia". Mama akakubali mara moja. Nikamwomba kijana asubiri, nikakaa chini nikamweleza: picha hii ikishapakiwa, mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuichukua, kuibadilisha, hata kuifanyia biashara, alimradi amtaje mpigaji na aitoe kwa leseni ile ile. Mama akasimamisha mikono. Akauliza, "Na akiutia mkeka wangu kwenye fulana akauza?" Nikamjibu kwamba anaweza. Akanyamaza kidogo, kisha akausogeza kando mkeka uliokwisha, ule wenye maua aliyoyabuni mwenyewe, akatukunjulia ukili mtupu. "Pigeni huu na mikono yangu. Ule mwingine ni wangu." Tulipiga tulichoruhusiwa. Picha ya mikono ile na ukili ni katika picha nzuri nilizowahi kuziona, na ule mkeka umebaki kwake.

Kwa hiyo mwelezeni shangazi kwa maneno hayo hayo, bila kuyapaka asali. Maua ya hina aliyoyabuni ni kazi yake ya sanaa, na ruhusa ni yake, haitoshi kwamba simu iliyopiga picha ni yenu. Akikubali, aandike barua ya ruhusa, au mumwandikie yeye atie sahihi, na ipelekwe kwa timu ya kujitolea ya Wikimedia inayopokea ruhusa za namna hiyo. Bi harusi naye ana haki yake. Pigeni kiganja na mguu tu, uso usionekane, na jina lake lisiandikwe popote, hata kwenye jina la faili. Nasisitiza jina la faili kwa kuwa simu nyingine huhifadhi picha kwa jina mlilolitia wenyewe, na nimeshakuta faili limepakiwa likiwa na jina la bibi harusi, la baba yake na tarehe ya ndoa.

Kwa upande wa babu, sheria ya hakimiliki ya Kenya inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kijuma alifariki 1945, hivyo kinga ya kazi zake hapa Kenya ilikwisha mwishoni mwa 1995. Kazi za babu zitalindwa hadi mwisho wa 2059, na wenye ruhusa ni warithi wake. Kaeni kikao cha ukoo kabla ya kupakia chochote. Kuna pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii, kwa hiyo kama kuna nakshi ambayo wazee wanaihesabu kuwa ya jamii nzima, waulizeni wazee.

Warsha yenyewe ni jambo jepesi, ila kuna mitego miwili ambayo itawaharibia siku msipoijua. Wikipedia hairuhusu akaunti zaidi ya sita kufunguliwa kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Siku ile ya Malindi tulikuwa kumi na wanne kwenye waifai moja. Wa saba alipojaribu kujisajili alikataliwa, akadhani amekosea nywila, akarudia mara nne, na nusu ya asubuhi ikatuishia hapo huku mimi mwenyewe sijui kuna nini. Nyinyi mko wanane. Kila mmoja afungue akaunti yake nyumbani, kwa bando lake, siku kadhaa kabla, na jina la mtumiaji liwe lake peke yake, lisiwe la kikundi wala la duka. Mtego wa pili ni kwamba anwani za mitandao ya simu hutumiwa na watu wengi kwa pamoja, na mhuni mmoja akifungiwa huko, wasio na hatia hujikuta wamefungiwa naye. Ukiona maandishi kwamba anwani yako imezuiwa, usidhani wewe ndiye mkosaji. Yanakili maandishi hayo, uingie kwa mtandao mwingine, umwombe mkabidhi akusaidie.

Wiki mbili za kwanza msianzishe makala yoyote mpya. Sahihisheni tahajia, ongezeni tanbihi, tieni picha moja mahali isipokuwepo, unganisheni makala na makala. Wahariri wa zamani huangalia historia ya michango ya mtu kabla ya kumwamini, na mgeni ambaye hariri yake ya kwanza ni wasifu wa jamaa yake huanza vibaya, kama ulivyoanza wewe. Akaunti ikishafika miezi sita na hariri 500, kuna huduma ya maktaba ya Wikipedia inayowafungulia wahariri majarida ya utafiti yanayolipiwa, bila malipo. Kwa kikundi kilichoko kisiwani, mbali na maktaba za vyuo vikuu, hiyo peke yake ni sababu ya kuvumilia.

Wikidata nitaigusa kwa ufupi. Ni hifadhi ya taarifa fupi fupi, jina, kazi, mahali, mwaka, na masharti yake ya kumwingiza mtu ni mepesi kuliko ya makala, ingawa nayo inataka rejeo la kweli. Msanii aliyetajwa kwenye katalogi ya makumbusho anaweza kuwa na ingizo lake hapo hata kabla ya kupata makala. Ukweli mtupu tu, na kwa aliye hai, hakuna nambari ya simu wala mtaa anaokaa.

Mwisho wa barua umeniuliza kama makala iliyofutwa inaweza kurudi. Inaweza. Ukimwomba mkabidhi kwa adabu kwenye ukurasa wake, mara nyingi atakubali kuirudisha kwenye ukurasa wako binafsi ili muifanyie kazi pole pole. Lakini ikae hapo kwanza. Wiki hii tembeeni mtaa wa Langoni na daftari, nyumba kwa nyumba, mbisheni hodi muulize: mlango huu ni wa nani, nani aliuchonga, mwaka gani, na nani anakumbuka. Mtakaoambiwa ni kazi ya babu, tieni alama. Nitumieni orodha hiyo kabla ya mwezi kwisha, pamoja na jina la gazeti mjomba akilikumbuka, nami nitaangalia ni milango mingapi kati ya hiyo imeshatajwa kwenye maandishi.